Valvu inalia tiki-tiki: nikaze skrubu mpaka inyamaze?

Swali: Fundi, habari za kazi. Gari langu lina injini ya silinda nne, roka zake (mikono midogo inayosukuma valvu) zina skrubu za kurekebishia, na limeshatembea sana. Nikiliwasha asubuhi linalia tiki-tiki juu ya injini. Likishapata moto mlio unapungua lakini hauishi. Rafiki yangu ananiambia nifungue tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini) ikiwa inanguruma, nikaze skrubu moja baada ya nyingine mpaka mlio ukome. Nina spana, bisibisi na fila geji (mabapa membamba ya kupimia nafasi). Je, naweza kuifanya kazi hii nyumbani? Na nipime injini ikiwa ya moto au baridi?

Jibu: Nyumbani inafanyika, ila inataka subira kuliko vifaa. Ushauri wa rafiki yako uweke kando. Ukikaza mpaka mlio ukome, utakuwa umeimaliza nafasi yote ya valvu, yaani ule mwanya mdogo kati yake na roka, na valvu isiyo na nafasi huungua.

Valvu ya kutolea moshi hupitiwa na gesi kali kila inapofunguka, na sehemu kubwa ya joto hilo hulitua kwenye kiti chake pale inapofunga na kukalia sawasawa. Chuma kikipata joto hurefuka. Pasipo nafasi kati ya roka na ncha ya valvu, ile valvu iliyorefuka hukosa pa kwenda, ikabaki imeachama kidogo. Moto hupenya kwenye huo ufa na kuula ukingo wake hadi kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inapotea na silinda hedi, kichwa cha injini, inashushwa. Nafasi ikizidi, utapata kelele, nguvu zitapungua kiasi, na nundu za kamshafti (mtaimbo unaosukuma roka) zitachakaa mapema. Nayo ni hasara, lakini angalau inajitangaza. Mimi huiogopa zaidi valvu iliyonyamaza kuliko inayolia, hasa kwenye gari lililobadilishwa litumie gesi, kwa kuwa huko viti vya valvu huweza kuliwa haraka zaidi na nafasi kujifunga yenyewe kidogo kidogo.

Pima injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku kucha, isipokuwa kitabu cha gari lako kiseme vingine. Zipo injini, hasa za zamani, zinazopimwa zikiwa za moto. Vipimo pia vitoe kwenye kitabu cha injini yako hasa, usikopeshwe na mtu. Kwa mfano tu, injini nyingi za Honda za familia ya D hutaka 0.18 hadi 0.22 mm kwa valvu za kuingizia na 0.23 hadi 0.27 mm kwa za kutolea moshi. Hizi za moshi hupewa zaidi kwa sababu ndizo zinazopata joto kubwa.

Chomoa waya hasi wa betri, weka gia huru, gari lizuiwe lisitembee. Toa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi, kisha ziba matundu yake kwa kitambaa safi. Nati ikidondokea humo, siku yako imeharibika. Fungua tapeti kava. Zungusha krenki (mtaimbo mkuu wa injini) kwa spana kwenye boliti ya puli, gurudumu la mkanda lililo kwenye ncha yake, kwa upande uleule injini inakozungukia, mpaka alama ya puli ilingane na alama ya sifuri. Sasa zitikise roka za silinda ya kwanza kwa vidole. Zote zikicheza, pistoni iko juu kwenye kompresheni na uko mahali pake. Zikiwa zimebana na za silinda ya nne ndizo zinacheza, zungusha mzunguko mmoja kamili zaidi. Hapa ndipo wengi hukosea: alama ya puli hulingana mara mbili katika kila mzunguko wa kazi wa injini, na mara moja tu ndiyo inayokufaa.

Ikiwa injini yako huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, katika hali hiyo unaweza kupima valvu za kuingizia za silinda 1 na 2, na za kutolea moshi za silinda 1 na 3. Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili, upime zilizobaki: za kuingizia 3 na 4, za moshi 2 na 4. Pima zote (nane, kama kila silinda ina valvu mbili) na uandike kabla ya kugusa skrubu yoyote. Orodha hiyo itakuonyesha ni ipi yenye nafasi iliyozidi, na kama ipo iliyobana.

Bapa sahihi la fila geji hupita kwa kukwaruza kidogo, kama unavyovuta karatasi iliyobanwa ndani ya kitabu kizito. Usiamini mkono peke yake. Kama unataka 0.20, basi 0.20 ipite kwa kukwaruza, 0.15 ipite bila kugusa, na 0.25 igome. Kurekebisha, legeza loknati (nati inayoizuia skrubu isigeuke), geuza skrubu kwa bisibisi huku bapa likiwa ndani, kisha ishike skrubu isigeuke wakati unakaza loknati. Pima tena baada ya kukaza, maana karibu kila mara skrubu hufuata nati kidogo. Uso wa roka ukiwa umechimbika, bapa hulala juu ya shimo bila kulijaza. Kipimo kitasoma sawa na mlio utabaki palepale. Dawa ya hapo ni roka mpya.

Injini isiyo na skrubu ni habari nyingine. Zenye tapeti za haidroli hujirekebisha zenyewe. Zenye shimu, kile kisahani cha chuma chenye unene maalumu, hutaka hesabu: unene wa zamani, ongeza nafasi uliyopima, toa nafasi inayotakiwa. Shimu ya 2.80 mm iliyopimwa 0.15 mahali panapotakiwa 0.25 hubadilishwa kwa ya 2.70. Kupima unaweza mwenyewe, lakini ikibidi kamshafti ing'olewe na huna uzoefu wa kupanga taimingi (kulinganisha kamshafti na krenki), mpe fundi.

Kabla ya kufunga, zungusha krenki mizunguko miwili kamili na upime upya zote. Futa uso wa kava, weka gasketi nzima, kaza boliti zake kwa kipimo cha kitabu; ukizidisha nguvu utapinda kava na mafuta yatavuja.

Ukiwasha na tiki-tiki ipo vilevile, kagua pale ekzosti inapoungana na silinda hedi. Gasketi ya hapo ikivuja hutoa mlio unaofanana sana na wa valvu, mkali asubuhi na mdogo chuma kikishapanuka kwa joto, tena huacha masizi meusi kwenye ukingo wa maungio. Na kama katika orodha yako kuna valvu iliyosoma sifuri kabisa, pima kompresheni ya silinda hiyo baada ya kuirekebisha. Ikiwa chini kuliko wenzake, huenda ukingo wa valvu umeshaliwa na skrubu haitakusaidia tena.