"Mogambo" ya Clark Gable ni Kiswahili?

SWALI: Mwalimu, juzi nimeangalia filamu ya zamani ya Clark Gable, Mogambo. Mtandaoni wanasema jina hilo ni Kiswahili, maana yake "shauku" au "mahaba". Nimezaliwa Tanga, nimezeekea Tanga, sijapata kulisikia. Ni Kiswahili cha kale, au tumepigwa?

JIBU: Tumepigwa, ndugu yangu, tangu 1953.

Tuanze na umbo. Kiswahili hakina kiambishi mo-. Utaniambia: mbona tuna moyo, moto na moshi? Weka katika wingi uone: mioyo, mioto, mioshi. Ile o haitoki, kwa sababu ni mali ya mzizi. "Mogambo" ungeiweka katika wingi ungepata nini? "Migambo", na o imeyeyuka. Na hiyo migambo tunaijua, umoja wake mgambo.

Leo ukisema mgambo, machinga anakusanya bidhaa zake na kutafuta uchochoro. Lakini kabla ya kuwa askari wa akiba, mgambo lilikuwa tangazo la watu wote, lililotanguliwa na mlio wa pembe. Ndiyo maana mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mahaba hayamo kabisa.

Ndugu wa neno hili wako karibu. Waganda na Wahaya wana okugamba, yaani kusema. Wakikuyu wana mũgambo, yaani sauti, na ile ũ yao mgeni huisikia kama o. Kwa hiyo ukimtamkia Mkikuyu "mogambo", huenda akakuuliza: sauti ya nani?

Usidhani basi kwamba Hollywood ilimwuliza Mkikuyu. Filamu ilipigwa Kenya, Tanganyika na Uganda kuanzia mwishoni mwa 1952, mara tu baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya. Hata hivyo, habari inayosimuliwa zaidi ni kwamba mtayarishaji Sam Zimbalist alichukua jina la Mocambo, klabu ya usiku ya Hollywood, akageuza herufi moja. "Shauku" ilibandikwa baadaye. (Mogambo wa filamu ya Kihindi ya 1987, yule jambazi wa Mr. India, naye si wetu.)

Kinachonichekesha ni kwamba Kiswahili halisi walikuwa nacho mdomoni. Gable humo ni mwindaji mzungu, na kazi yake yote ni safari.

Gable mwenyewe simlaumu. Alizaliwa Ohio 1901, akapata Oscar kwa It Happened One Night ya 1934, akawa Rhett Butler katika Gone with the Wind ya 1939. Mkewe Carole Lombard alipokufa kwa ajali ya ndege, Januari 1942, aliingia jeshini mwaka huohuo na kuruka na ndege za vita kutokea Uingereza. Mogambo aliicheza akikaribia miaka 52, na ni hadithi aliyokwisha kuicheza mwaka 1932 katika Red Dust, ila ile ilikuwa shamba la mpira Indochina. Alifariki Novemba 1960.

Ukiandika habari zake, andika "filamu ya Mogambo" uishie hapo, bila tafsiri. Ukitaka shauku, neno ni shauku, nalo tulilipata kwa Waarabu.