Maswali ya wasomaji: "Titresheni zangu tatu, majibu matatu"

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nadharia ya kemia naiweza vizuri tu, hesabu za moli hata usingizini nafanya, shida ni prakitikali. Nikifika maabara mikono inatetemeka, nafanya titresheni (kudondosha asidi kwenye alkali hadi rangi ibadilike) mara tatu napata namba tatu ambazo haziendani kabisa. Rafiki yangu kaniambia nisijitese, nikishapata moja hizo nyingine niandike tu zinazofanana nayo, hakuna atakayejua. Mtihani umebaki wiki chache na maabara tunaingia mara moja moja sana. Nifanyeje? – Mwenye Hofu ya Bureti

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na huyo rafiki yako maana ushauri wake utakuponza. Mitihani mingi mwalimu wa somo naye anafanya titresheni ile ile kwa solusheni zile zile mlizopewa nyinyi, na jibu lake ndo linapimwa na lako, kwa hiyo ukikosea ya kwanza halafu ukazikopi nyingine zifanane nayo unakuwa umekosea mara tatu kwa mwandiko mzuri. Halafu wanaopika namba wanajulikana! Bureti ya kawaida, ule mrija mrefu wa kudondoshea asidi, ina mistari ya sentimita za ujazo 0.1, kwa hiyo jicho linaweza kukadiria nusu ya mstari basi, yaani usomaji unaishia na 0 au 5 kwenye desimali ya pili. Mtu akiandika 24.37 msahihishaji anacheka tu, hiyo bureti kaitoa wapi? Na akiandika 24.3 bila ile sifuri ya mwisho maksi inaondoka pia, andika 24.30.

Sasa kwa nini zako haziendani. Sijakuona ukifanya ila naweza kubahatisha, wanafunzi wote mnakosea palepale. Cha kwanza kusuuza. Bureti suuza kwa maji halafu malizia na asidi yenyewe utakayoijaza, pipeti ya kupimia alkali hivyo hivyo malizia na alkali yake, lakini flaski ya koni suuza kwa maji yaliyokenekwa TU. Wengi wanaisuuza flaski kwa alkali wakidhani ndo usafi wenyewe, kumbe wameshaongeza alkali ambayo hawajaipima na asidi itatumika nyingi kuliko inavyotakiwa. Maji yakibaki kwenye flaski hayana neno, moli za alkali ni zile zile za sentimita za ujazo 25 ulizopima kwa pipeti, lakini maji yakibaki kwenye bureti asidi inazimuka na namba inapanda.

Cha pili ni faneli. Ukishajaza bureti iondoe. Mi mwenyewe enzi zangu niliiacha pale juu, ikawa inadondosha matone taratibu wakati mi nimeinamia flaski, nikapata jibu la ajabu na sikujua kwa nini hadi nilipoinua kichwa. Na kabla hujasoma namba ya mwanzo fungulia kidogo ile ncha ya chini ijae, kiputo cha hewa kikikaa pale kikatoka katikati ya kazi basi umehesabu hewa kama asidi. Namba yenyewe isome macho yakiwa usawa wa chini ya mbonyeo wa kimiminika, usisimame ukaangalia kutoka juu.

Pipeti tumia ule mpira wa kuvutia, usivute kwa mdomo, na tone la mwisho linalobaki kwenye ncha liache hapo hapo usilipulize maana pipeti imetengenezwa ikijua litabaki.

Rangi nayo. Kama kiashiria chako cha rangi ni methili oranji na asidi iko kwenye bureti unatoka njano unatafuta rangi ya chungwa, ukiona nyekundu umeshapita. Finofthalini inatoka pinki inakuwa haina rangi. Weka kigae cheupe au hata karatasi nyeupe chini ya flaski, na ile ya kwanza ya majaribio fanya haraka haraka bila huruma ujue tu mwisho uko wapi. Tuseme umepata 24.60. Zinazofuata unaachia asidi mpaka kama 22 hivi, kisha unabana koki unaenda tone kwa tone huku mkono wa pili unazungusha flaski.

Na ukipata mfano 23.80, 24.35 na 23.90 usichukue zote ukagawa kwa tatu! Unachukua zile mbili zinazokaribiana ndani ya 0.1, wastani 23.85, ile 24.35 unaiacha kwenye jedwali ionekane lakini huitumii (na ile ya majaribio haingii kwenye wastani kamwe). Kama alkali ilikuwa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) na moli moja ya asidi inajibizana na moli moja ya alkali, asidi ni 0.1 × 25 ÷ 23.85, karibu 0.105 M. Ungechanganya zote tatu wastani ungekuwa 24.02, ushaharibu kazi nzuri ya mkono wako mwenyewe. Halafu si lazima kila mara uanzie 0.00, watu wanapoteza dakika nzima kuitafuta sifuri, anzia hata 1.20 mradi umeiandika.

Kuhusu maabara kuwa adimu: mikono inatetemeka kwa sababu vitu ni vigeni, kwa hiyo fanya nyumbani kile kisichohitaji kemikali. Chora jedwali la titresheni kila siku bila kuangalia daftari, namba ya mwisho, ya mwanzo, iliyotumika, pamoja na vipimo vyake. Chukua chupa yenye maji kidogo uizungushe kwa mkono unaoandikia, mkono mwingine ujifanye umeshika koki. Utachekwa, wacha wacheke.

SWALI: Mwalimu, kwenye kutambua chumvi, nikishaona mashapo ya bluu si niandike tu kwamba ni shaba niokoe muda? Na juzi nimepewa chumvi ya zinki nikaweka sodiamu haidroksaidi sikuona chochote, kwa nini? – Msichana wa Testi Tyubu

JIBU: Hapana dada, maksi ya kuona na maksi ya kuhitimisha ni mbili tofauti, ukiandika shaba peke yake umejinyima moja. Andika ulichokiona, mashapo ya bluu yasiyoyeyuka kwenye ziada ya sodiamu haidroksaidi, halafu safu ya pembeni ndo shaba. Na "angavu" si sawa na "haina rangi", solusheni ya kopa salfeti ni angavu na ni bluu vilevile.

Hiyo zinki nadhani ulimimina nusu testi tyubu kwa mpigo. Mashapo meupe yalitokea yakayeyuka hapo hapo kwenye ziada hujapepesa jicho. Weka tone moja, tikisa, angalia, andika, ndo uendelee hadi ziada. Aluminiamu na risasi nazo zinafanya hivyo hivyo kwa sodiamu haidroksaidi, kwa hiyo chukua sampuli mpya utumie amonia: ya zinki yatayeyuka kwenye ziada, hizo mbili yatabaki. Risasi utaikamata kwa potasiamu ayodaidi, inatoa mashapo ya njano iliyokolea, hata ukiwa na usingizi utayaona.

SWALI: Nikivunja kifaa katikati ya mtihani nimekwisha? – Mwenye Mikono Mizito

JIBU: Hujaisha. Usiokote vipande kwa vidole, nyoosha mkono umwambie msimamizi, omba kingine, na kama kilichomwagika ni chumvi au solusheni yako omba nyongeza wakati huo huo, usisubiri hadi dakika tano za mwisho.