Hewa na Nitrojeni Kiwandani: Ushauri kwa Mafundi Wanaoanza Kazi ya Bia Mwanza

Kijana anayetoka VETA na kupokelewa katika kiwanda cha bia hapa Mwanza hukuta kwamba karibu kila kitu humo kinaendeshwa kwa gesi: vali hufunguka kwa upepo wa kompresa, makapi ya kimea hupulizwa hadi nje ya jengo, na matangi hushikiliwa kwenye shinikizo kwa hewa ukaa au nitrojeni. Kwa kuwa mabomba yanafanana na geji zote zinasoma kwa bar, ni rahisi kudhani kwamba gesi yoyote yafaa popote. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba, kila unapofuata bomba la gesi, ujiulize iwapo linaigusa bia kabla ya hamira kuanza kazi au baada yake, kwa maana jibu la swali hilo ndilo linaloamua ni gesi gani inayoruhusiwa kupita.

Hewa tunayovuta ina takriban asilimia 78 ya nitrojeni na asilimia 21 ya oksijeni. Hamira huihitaji oksijeni hiyo mwanzoni ili ijenge utando wa seli zake na kuongezeka. Ndiyo sababu maji ya kimea, yakishachemshwa na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) na kupozwa, hupulizwa hewa safi au oksijeni tupu hadi yafikie kati ya miligramu 8 na 10 za oksijeni kwa lita. Hamira huimaliza yote katika muda mfupi, na tangu hapo hadi kizibo kinapofungwa oksijeni haitakiwi tena, kwani huififisha harufu ya hopsi, huibadilisha rangi ya bia na kuiachia ladha ya karatasi ya boksi. Viwanda vingi hujiwekea kikomo cha takriban mikrogramu 50 kwa lita ndani ya chupa, yaani chini ya sehemu moja ya mia ya kile tulichokipuliza sisi wenyewe siku ya kwanza.

Upande wa kompresa, adui mkubwa kando ya ziwa ni maji. Kompresa inayovuta mita za ujazo 10 kwa dakika, katika hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 75, humeza takriban lita 12 za maji kila saa. Sehemu kubwa hutoka kwenye kipozeo na kwenye tangi la upepo, iwapo vali ya kutolea maji inafanya kazi, na kilichobaki hukamatwa na kikaushio kinachoipoza hewa hadi karibu nyuzi 3. Vali hiyo ndogo ikiziba, maji husafiri hadi kwenye vali za uzalishaji na kuzishikisha kutu, na mahali hewa inapoingia kwenye maji ya kimea huweza kuja na bakteria. Kwa hiyo hewa inayogusa kinywaji lazima ipite kwenye chujio la mikroni 0.2, nayo itoke kwenye kompresa isiyotumia mafuta, kwani mafuta kidogo tu huliua povu. Chujio la kuingizia hewa nalo likaguliwe mara nyingi kuliko kitabu cha mtengenezaji kinavyosema. Aliyewahi kuona wadudu wadogo wa ziwani wakipanda kwa makundi hatahitaji maelezo zaidi.

Nitrojeni hufika kwa silinda, kwa tangi la nitrojeni kimiminika lililo kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, au hutengenezwa papo hapo kwa kupitisha hewa ya kompresa kwenye minara miwili iliyojaa chembe za kaboni zinazoikamata oksijeni, mmoja ukifanya kazi huku mwingine ukijisafisha. Chembe hizo huharibiwa na mafuta na unyevu, kwa hiyo mtambo wa nitrojeni hauwezi kuwa bora kuliko hewa unayoulisha. Usidanganywe na asilimia. Nitrojeni ya asilimia 99.9 husikika kuwa safi kabisa, lakini ikikaa juu ya kimiminika baridi kwa shinikizo halisi la bar 2 (yaani pamoja na shinikizo la hewa ya nje) inaweza kukiachia oksijeni ya takriban mikrogramu 140 kwa lita, ambayo tayari imevuka kikomo nilichokitaja. Kwa asilimia 99.99 kiasi hicho hushuka hadi takriban 14. Tofauti ya tarakimu moja baada ya nukta ndiyo tofauti ya bia inayodumu na inayochakaa dukani.

Faida ya nitrojeni ni kwamba haiyeyuki sana kwenye bia, na haiungani na kosti, yaani soda kali ya kuoshea matangi. Ukimwaga kosti ndani ya tangi lililojaa hewa ukaa, kemikali hizo mbili huungana, gesi hutoweka, na tangi la chuma cha pua huweza kubonyea kwa ndani kabla hujafikia vali; nitrojeni haina tabia hiyo. Hasara yake ni kwamba bia ikiachwa chini ya nitrojeni tupu kwa muda mrefu hupoteza hewa ukaa yake na kuwa bapa, hata kama geji inaonyesha shinikizo la kutosha. Itumie kusukumia bia na kufukuzia hewa kwenye mabomba na matangi, wala usiitumie kuhifadhia. Bia nyeusi za bomba zenye povu laini, mtindo ulioanzishwa na Guinness mwaka 1959, hutumia mchanganyiko wa gesi hizo mbili, aghalabu nitrojeni asilimia 70 na hewa ukaa 30.

Jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havikwambii ni kwamba Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapa ni takriban bar 0.88. Jedwali la shinikizo linalohitajika kuipa bia hewa ukaa, likiwa limeandikwa kwa usawa wa bahari, litahitaji uongeze karibu bar 0.13 kwenye usomaji wa geji, la sivyo bia itatoka ikiwa na gesi pungufu nawe utaisingizia hamira.

Nimeiacha hatari mwisho ili isisomwe harakaharaka. Hewa ukaa humchoma mtu puani na kumfanya aheme, lakini nitrojeni haina harufu wala haimpi mtu hamu ya kuvuta pumzi zaidi. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 10 mtu huanguka bila kuonywa, na mwenzake anayeingia kumtoa huanguka juu yake. Usiingie tangini bila kibali cha maandishi, bila mabomba yote ya gesi kutenganishwa, na bila mtu wa kusimama mlangoni ambaye kazi yake ni kuita msaada wala si kuingia. Pima oksijeni juu, katikati na chini kwa kifaa kilichorekebishwa, na ikisoma chini ya asilimia 19.5, pulizia hewa safi kwa feni kisha upime tena.