Sarafu za kidijitali haziui benki, nawaambia kama wakala

Mkuu umesema ndani ya miaka michache sarafu za kidijitali zitafanya benki zikose kazi. Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Buguruni, nikwambie ninachokiona.

Mteja akija kuweka laki anaona hela imeingia kwenye simu. Haipo kwenye simu jamani. Kila shilingi inayosomeka kwenye laini ina shilingi yake imelala kwenye akaunti ya udhamini huko huko benki. Na mimi mwisho wa mwezi watu wakiweka sana floti (salio langu la kazi kwenye simu) inakata, nakimbilia wapi? Benki, na keshi yangu mkononi.

Tena M-Pesa ilipoingia Kenya 2007 na huku kwetu 2008 watu walisema haya haya, benki kwisha. Kilichokufa ni foleni. Benki zenyewe zikaweka mawakala mtaani, na Kenya 2012 ikaja M-Shwari ambayo mtu anakopa kwenye simu lakini nyuma yake kuna benki. Mimi mwenyewe benki moja ilininyima mkopo wa mtaji sababu sina hati ya nyumba, inauma sana kwa kweli, baadae nikapata mkopo wa floti kwenye simu kwa kuangalia miamala yangu tu, kusoma masharti nakuta mkopeshaji ni benki!

Haya tuje kwenye Bitcoin, sarafu ya kidijitali isiyotolewa na benki wala serikali. Novemba 2021 ilikuwa karibu dola 69,000, mwaka mmoja baadae iko chini ya 17,000, sasa mfanyabiashara wa mchele atamkopesha mwenzake gunia kwa hela ya hivyo alipwe nini? Utasema zipo ambazo thamani yake imefungwa na dola, moja kwa dola moja, kama USDC. Sawa, ila Machi 2023 benki ya Silicon Valley Bank kule Marekani ilipoanguka, kampuni inayotoa USDC ilikuwa imeweka humo dola bilioni 3.3, USDC ikashuka mpaka chini ya senti 90 na haikutulia mpaka serikali iliposema wenye amana watalipwa wote. Yaani sarafu ya kuua benki iliyumba kwa sababu ya benki.

Kitu ambacho kweli kingezitikisa benki ni sarafu ya kidijitali ya benki kuu yenyewe, kila mtu aweke hela benki kuu moja kwa moja, amana zikihama benki za kawaida zitakopesha nini? Ndo maana Bahamas na Sand Dollar yao ya 2020, na Nigeria na eNaira ya 2021, wameweka kikomo cha hela unayoweza kushika.

Matawi yatapungua na makato lazima yashuke, hapo tuko pamoja mkuu, na benki zinazodharau watu wa kipato kidogo zitajuta. Ila kukopesha bado. Hiyo mikopo ya kripto, yaani ya sarafu kama Bitcoin, kwa kawaida inataka uweke dhamana ya kripto kubwa kuliko unachokopa, sasa mkulima wa pamba Simiyu anayetafuta hela ya mbegu na dawa ataitoa wapi?