Rafiki anayepiga nyatiti, anachora na kushuti filamu: ladha yake utaisoma wapi, na umpe nini

Umeuliza hivi: rafiki yako wa Kisumu anapiga nyatiti (kinubi cha Waluo kilichowambwa ngozi), anachora, anachonga mawe kidogo, na siku hizi anashuti filamu fupi kwa simu. Leo anasikiliza benga, ule muziki wa gitaa wenye asili ya Waluo, kesho kitu kingine kabisa, na kila zawadi unayompa inaishia kabatini. Unataka kujua anapenda nini hasa.

Usimwombe orodha ya wasanii anaowapenda. Mtu wa fani nyingi atakutajia majina thelathini yasiyofanana, na ukinunua kwa kufuata orodha hiyo utampa kitu ambacho tayari anacho au alishachoka nacho. Angalia anachokataa kusafisha. Wapo wasanii wanaofuta kila alama ya mkono hadi kazi iteleze kama kioo, na wapo wanaoacha mkwaruzo uonekane na kusikika. Mtu akiwa wa upande mmoja kwenye muziki, mara nyingi utamkuta upande huohuo kwenye picha na filamu. Kwa mpiga nyatiti, nadhani unajua ni upi.

Sikiliza chombo chenyewe. Nyatiti ina nyuzi nane, na kila uzi ukidonolewa unaacha mngurumo mwembamba nyuma ya noti. Hapo hapo kuna gara, yaani njuga za mguuni, na oduong'o, ile pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu inayogonga mti wa chombo kushika mapigo. Mtu aliyezoea gitaa la darasani anadhani kuna kitu kimelegea. Hakuna. Huo mngurumo unatafutwa, na nyatiti isiyo nao wazee huiona imekufa. Obokano ya Wagusii nayo ina mngurumo, tena mzito zaidi kwa sababu chombo ni kikubwa. Kwa hiyo rafiki yako akikuambia anapenda benga, usikimbilie kumtafutia matoleo yaliyosafishwa upya. Benga ilipochipuka miaka ya 1960, gitaa la solo lilifuata mdonoo wa nyatiti, na kinachomvuta huenda ni ukali huo wa gitaa na wala si jina la bendi. (Wanaobishana kila siku kwamba benga ni ya Kenya pekee wakumbuke nguli wake D.O. Misiani alizaliwa Shirati, Tanzania, na akafia Kisumu mwaka 2006.) Omutibo ya upande wa Waluhya, ile ya kina George Mukabi, ni hivyo hivyo: gitaa moja kavu, kidole gumba kinashika besi, vidole vingine vinaimba, na chupa ya Fanta inashika mapigo. Mchezeshee rekodi moja chafu ya nyumbani na moja ya studio iliyopigwa pasi, halafu usiseme neno. Atakayoomba irudiwe ndiyo jibu lako.

Sasa zawadi. Kwa nyatiti, kitu kinachoisha ni nyuzi. Zamani zilikuwa mishipa ya ng'ombe, siku hizi ni nailoni ya kuvulia samaki. Usibahatishe unene: mwombe kipande cha kila uzi uliokatika, uende navyo kwenye duka la vifaa vya uvuvi ulinganishe kwa vidole au kwa kipimo cha fundi. Nyuzi za sauti ya chini ni nene, za sauti ya juu nyembamba, na seti nzima ikiwa ya unene mmoja nyuzi za besi zitalegea kama kamba ya nguo huku zile kali zikikatika. Chukua nailoni ya uzi mmoja mmoja, ya mviringo, isiyosokotwa. Nyuzi zisibadilishwe zote kwa mkupuo: atoe moja, afunge mpya, aikaze, ndipo aende kwa ya pili. Akizitoa zote nane, kidaraja kinachosimama juu ya ngozi kinaanguka, na kukirudisha mahali pake halisi ni kazi. Nailoni mpya hunyooka siku kadhaa kabla ya kutulia, kwa hiyo asibadilishe usiku wa kuamkia shoo. Kipande cha nta safi ya nyuki nacho kina kazi, kwa sababu ndiyo inayoshikilia kidaraja. Nta iliyochanganywa na mafuta ya mshumaa inakuwa ngumu, inavunjika, na mngurumo unapotea.

Kile kipima noti cha gitaa kinachobanwa kwenye chombo, kiache dukani. Kinasoma noti za piano, na nyatiti inafuata koo la mwimbaji. Halafu ngozi hubadilika na hewa: msimu wa mvua inalegea na sauti kushuka, kiangazi inakaza, na ikiachwa juani au karibu na jiko inaweza kupasuka ukingoni. Mfuko wa kitambaa kizito wenye kamba ya begani, ulioshonwa na fundi kwa vipimo vya chombo chake, utamfaa kuliko vifaa vingi vya madukani.

Kwenye filamu watu hukosea kwa kununua vitu vya picha, na huyu masikio yake ndiyo yanayoongoza. Kumbuka mpiga nyatiti Ayub Ogada, aliyefariki Nyahera mwaka 2019: nyatiti yake ilisikika dunia nzima kupitia filamu, The Constant Gardener ya 2005. Tatizo la kurekodi nyatiti kwa simu ni kwamba simu inajirekebishia sauti yenyewe. Oduong'o ikigonga, simu inashusha kiwango ghafla, nyuzi zinazama, kisha zinapanda tena taratibu, na wimbo mzima unapumua kama mgonjwa wa pumu. Dawa yake ni programu inayoruhusu kuweka kiwango kwa mkono. Apige kwa nguvu yake yote, aweke kilele kwenye desibeli -12 hivi, asiguse tena. Maikrofoni ikae kama sentimita 30 kutoka kwenye ngozi, ielekee kidaraja, isielekee mguu. Ukimnunulia maikrofoni ndogo zisizo na waya, hakikisha kile kitufe cha kuondoa kelele kinaweza kuzimwa, kwa sababu kwa mashine hiyo mngurumo wa nyatiti ndio kelele, na itaufuta wote. Zenye kitufe kinachozimika hazikosekani. Na ije na kofia yake ya manyoya, la sivyo upepo wa ziwani ukianza kule ufukweni Dunga atarudi na mvumo mtupu.

Mvua juu ya mabati haina programu ya kuiondoa. Huku kwetu hupenda kuja alasiri, basi arekodi asubuhi, na ukutani atundike blanketi mbili tatu kuua mwangwi.

Kwa upande wa picha kuna kitu kimoja tu ningemnunulia: kichujio cheusi cha ND, yaani cha kupunguza mwanga, cha kubana kwenye lenzi ya simu. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za ndani hupepesa mara 100 kwa sekunde, na mistari inayopita kwenye video inatokana na hilo. Anaweka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, mistari inaisha. Lakini akitoka nje na shata hiyohiyo kwenye jua la ziwani, picha inaungua nyeupe, maana tundu la lenzi ya simu nyingi halifungiki. ND32 au ND64 inarudisha mwanga chini. Zile za kuzungusha ni rahisi kubeba, ila za bei ya chini zikizungushwa hadi mwisho huacha alama ya msalaba mweusi katikati ya picha. Simu ikiwa na lenzi tatu, aifungie simu kwenye lenzi moja kupitia mipangilio, la sivyo simu itahamia lenzi nyingine isiyo na kichujio katikati ya shoti. Sauti ikianza kuachana na midomo wakati wa kuhariri, sababu mara nyingi ni kwamba simu hurekodi idadi ya fremu isiyo sawa kila sekunde. Aigeuze video iwe na fremu thabiti kwanza, na apige makofi mara moja mwanzo wa kila shoti ili apate pa kuoanishia.

Uchoraji nitaupitia haraka. Turubai za dukani za bei nafuu ni nyembamba na fremu zake hupinda. Mpe vifaa vya kujitengenezea: kitambaa cha pamba cha amerikani, mbao za saiprasi zilizokauka za inchi 2 kwa 1 (mikaratusi mibichi inajikunja), gundi nyeupe ya mbao na rangi nyeupe ya maji isiyong'aa. Kitambaa kifuliwe kwanza kutoa wanga, kikatwe kwa kuzidisha sentimita 5 kila upande, pini zianzie katikati ya kila mbao kuelekea pembeni. Gundi sehemu moja kwa maji sehemu mbili, ikauke, kisha mikono miwili ya rangi na msasa wa 220 katikati. Rangi inayong'aa haifai kabisa, ya juu haishiki, inabanduka. Na akitaka nyuzi za kitambaa zionekane, atajua mwenyewe aishie mkono wa kwanza.

Jiwe la Tabaka, kule Kisii, lile jiwe laini la sabuni la kuchonga, ndilo ningeliweka juu kabisa. Usinunue kinyago kilichokamilika, mpe bonge ghafi. Litie maji: nyufa hubaki na mstari mweusi wakati kwingine kunakauka. Ligonge kwa jiwe dogo, likijibu kwa sauti wazi ni zima, likijibu butu lina ufa ndani. Waridi na la michirizi yanapendeza, ila kwa anayejifunza chukua jeupe la rangi moja, kwa sababu kwenye michirizi ugumu unaweza kubadilika na patasi ikaruka. Ongeza msasa wa maji wa 220, 400 na 600, na barakoa ya vumbi ya maana, si ile ya kitambaa. Achonge likiwa limelowa, nje ya nyumba, maana vumbi lake halifai mapafuni.

Ukilileta kwa matatu, lifunge kwenye gunia lenye nguo kuukuu na ulishike miguuni, usilipandishe juu ya gari. Likifika limepata ufa, mpe tu, ila mwonyeshe ulipo kabla hajaanza kukata. Huenda akachonga kwa kuufuata.