Pensheni nimeichuma California, nahamia Texas, nani atanikata kodi?

SWALI: Habari za kazi. Mimi nimefanya unesi California miaka 22, nimestaafu mwaka huu na pensheni imeshaanza kuingia. Sasa mwanangu yuko Houston ananiita nikakae nae nimsaidie wajukuu. Shoga yangu anasema hata nikihama California wataendelea kunikata kodi ya jimbo kwa sababu hela nimeichumia kwao. Ni kweli au ananitisha tu?
Bibi wa Wajukuu Wanne, Oakland

JIBU: Hongera kwa kustaafu mama. Shoga yako hajadanganya, ila habari yake imepitwa na wakati. Zamani kweli California ilikuwa inawafuata wastaafu mpaka Nevada huko kuwadai, watu wakalalamika weee mpaka mwaka 1996 ikapita sheria ya nchi nzima kwamba jimbo lisiguse pensheni ya mtu ambaye si mkazi wake tena. Kwa hiyo kinachoangaliwa ni unaishi wapi hela inapoingia, sio uliichumia wapi, na Texas haina kodi ya mapato ya jimbo kabisa. (Kodi ya kumiliki nyumba ndo itawatoa jasho, usije ukasema sikukwambia.)

Kazi iko kwenye kuhama kwenyewe. Kuna watu wanahamisha anwani ya barua tu, halafu leseni, gari, daktari na wao wenyewe miezi nane ya mwaka wako Oakland, hapo California watasema bado wewe ni mkazi wao na watakudai. Wewe hama kweli, chukua leseni ya Texas, gari lisajili huko, kama unapiga kura jiandikishe huko. Na nyumba ya Oakland ukiipangisha, hiyo hela ya wapangaji California wanaitoza hata ukiwa mwezini, yaani unalipia kodi ile kodi.

Pensheni uliyopokea kabla ya kuhama bado ni halali yao. Kodi ya serikali kuu nayo iko palepale, IRS (wakusanya kodi wa serikali hiyo) hawajali uko jimbo gani.

Halafu wanaokulipa pensheni hawana ndoto kwamba umehama, wajazie fomu DE 4P waache kukata ya California. Wakiwa wameshakata miezi ya Houston usilie, mwakani jaza ritani (fomu ya kodi ya mwaka) ya California ya 540NR uidai hela yako.