"Pikipiki Nzuri ni Gani?" Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi za wiki hii zimezunguka jambo moja: mgeni anayeuliza anunue pikipiki ipi, na mzoefu ambaye subira ya kumjibu imemwishia.

SWALI: Nimeendesha pikipiki kwa miaka 19. Kila Jumamosi, pale tunapooshea pikipiki zetu, haikosi kijana wa kuja na kuuliza, "Mzee, pikipiki nzuri ni gani?" Kwa nini wasiulize swali la maana? (Mzoefu, Kayole)

JIBU: Kwa sababu, mzee wangu, hilo ndilo swali pekee alilo nalo. Mtu ambaye hajawahi kushika klachi hawezi kukuuliza kuhusu uzito, upatikanaji wa spea au urefu wa kiti, kwa kuwa hajui kwamba mambo hayo yapo. Anachokijua ni kwamba ana akiba yake mfukoni na anaogopa kuipoteza. Ukimcheka, hataacha kununua, bali atakwenda kumsikiliza muuzaji.

Mimi siku hizi simjibu mtu kwa jina la pikipiki. Humuuliza anakwenda wapi kila siku, atabeba nini, na nani ataitengeneza ikiharibika. Mwezi uliopita dada mmoja alinionyesha kwenye simu picha ya pikipiki kubwa ya mashindano. Nilimwomba aketi kwenye yangu ya cc 150 (cc ni kipimo cha ukubwa wa injini), iliyokuwa imesimama kando ya duka la spea Barabara ya Kirinyaga. Vidole vya miguu ndivyo pekee vilivyogusa lami, na pikipiki ilipoinama kidogo upande wa kushoto alinishika bega kwa nguvu. Sikuhitaji kumhubiria. Alishuka, akaifuta ile picha, kisha akaniuliza zile fupi huuzwa wapi.

SWALI: Nisamehe kwa kuuliza yaliyoulizwa na wengi. Ninaishi Limuru na ninafanya kazi mjini Nairobi. Ninunue pikipiki aina ya Boxer ya cc 100 au ya 150? (Mgeni, Limuru)

JIBU: Huna kosa la kusamehewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, nawe unaishi juu zaidi, mahali ambapo hewa ni nyepesi; na injini isiyo na turbo, yaani kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani yake, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Ndiyo maana pikipiki ya cc 100, ambayo ni hodari mno wa kubana petroli katika mizunguko ya mtaani, itakufikisha nyumbani jioni ikilalamika, hasa ukimbeba mtu. Kwa safari yako ningechukua ya 150. Kampuni ya TVS nayo ina pikipiki za ukubwa huo, kwa hiyo muulize fundi wa karibu nawe ni ipi aliyoizoea, kisha umwamini yeye kuliko rangi ya tangi.

Kabla ya kulipa, tenga pesa za helmeti mbili na jaketi mbili za kuakisi mwanga, kwani sheria inawadai wewe na abiria wako pia. Leseni ya pikipiki ya kawaida ni ya daraja la A2. Ukitaka kufanya kazi ya boda boda, utahitaji A3.

SWALI: Je, pikipiki ya mtumba inafaa kwa mwanagenzi? (Msomaji, Umoja)

JIBU: Inafaa, mradi namba za injini na za chesisi zilingane na zilizo kwenye logbuku, yaani hati ya umiliki, na muuzaji awe ndiye mwenye jina lililoandikwa humo. Iguse injini kabla haijawashwa. Ukiikuta ina joto, subiri ipoe, kwa maana huenda imewashwa mapema ili usione inavyosumbua asubuhi.

SWALI: Kijana nilimshauri kwa saa nzima, kisha akaenda kununua kinyume na yote niliyomwambia. Sasa amerudi na maswali mengine. Nimjibu? (Aliyekerwa, Rongai)

JIBU: Mjibu. Kurudi kwake kwako, akijua vyema kwamba utamkumbusha, kumemgharimu aibu ambayo wengi hawaiwezi. Nilipokuwa mwanagenzi, mzee mmoja wa steji yetu alinieleza kwa utulivu kwamba cc 125 zingenitosha, nami nikaitikia kwa adabu, kisha nikanunua mtumba wa cc 250 ambao spea zake zilikuwa adimu kama mvua ya Januari. Iliegeshwa nje ya nyumba kwa wiki sita ikingojea kebo moja. Niliporudi kwa mzee yule hakusema, "Nilikuambia." Aliuliza kebo ni ya upande gani, na mwishowe ndiye aliyenitafutia mnunuzi.